Baridi ya Antaktika Iliyo Mbele ya Lamu

(Hotuba hii niliitoa Nairobi mbele ya walimu wa jiografia, wazazi na wanafunzi wa shule za upili. Nimeiandika yote kwa ajili ya wale waliotaka kuja wasiweze. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.)

Walimu wenzangu, wazazi mliofuatana na watoto wenu, na nyinyi wanafunzi mlioacha Jumamosi yenu kuja kusikiliza habari za bahari katika mji usio na bahari: hamjambo?

Niruhusuni nianze na swali. Ukiwa Lamu, pale Shela, ukaingia majini mchana wakati wa kaskazi, maji yana joto la digrii 28 au 29. Hilo mnalijua, wengi wenu mmeogelea Pwani. Sasa panda chombo, elekea mashariki, acha nchi kavu nyuma hadi isionekane tena, nenda mbali zaidi mpaka kina kikaribie mita 5,000. Mlima Kenya una mita 5,199. Ukiuzamisha pale, kitakachobaki juu ya maji ni vilele tu. Swali langu ni hili: kule chini, kwenye matope ya sakafu ya bahari, jirani kabisa na ikweta, maji yana digrii ngapi?

Nimesikia 20. Nimesikia 15. Kuna kijana pale nyuma amesema 10 na wenzake wamemcheka.

Ni digrii moja na kitu. Moja!

Na msidhani yamepoa kwa sababu jua haliyafikii. Giza halipozi maji. Ardhi iliyo chini yake inatoa joto, haitoi baridi, na joto la juu nalo hupenya likishuka polepole. Maji yale yangekuwa yamekaa tu pale, miaka elfu kadhaa ingetosha kuyapasha moto. Hayajapashwa. Kwa hiyo kuna baridi mpya inayoletwa, na inaletwa bila kukoma. Yametoka wapi maji hayo? Yamepita wapi hadi kufika mbele ya Lamu? Nimekuja kuzungumza habari ya maswali hayo mawili.

Mtu wa kwanza tunayemjua kuwa aliipima baridi ya kilindi katika bahari ya joto ni nahodha Mwingereza, Henry Ellis, mwaka 1751. Na ni lazima niseme meli yake ilikuwa na kazi gani. Iliitwa Earl of Halifax, na ilikuwa katika biashara ya watumwa, biashara ile ile ya kuwachukua Waafrika na kuwavusha Atlantiki. Sitaki mwalimu yeyote awasimulie wanafunzi wake kisa hiki akaliruka jambo hilo. Sehemu ya elimu ya bahari tunayoisoma leo ilikusanywa juu ya sitaha za meli ambazo kazi yake ilikuwa kuwafunga binadamu minyororo chini ya sitaha hizo hizo. Tuisome elimu hiyo, na tuwakumbuke watu hao.

Ellis alikuwa amepewa ndoo maalumu iliyobuniwa na kasisi mwanasayansi, Stephen Hales. Ikishuka, maji yalipita ndani yake bila kuzuiwa. Ikivutwa juu, vifuniko vilijifunga vikayashika maji ya kule kule chini pamoja na kipimajoto kilichowekwa ndani. Alikuwa latitudo 25 kaskazini mwa ikweta, na maji ya juu yalikuwa na digrii 29 hivi. Akateremsha kamba. Kadiri ndoo ilivyoshuka ndivyo baridi ilivyozidi. Mwishowe ilifika futi 5,346, yaani mita 1,630 hivi. Nyinyi mnaokaa Nairobi, huo ni karibu urefu wa kutoka tulipo hapa kushuka hadi usawa wa bahari. Maji yalipofika juu yalikuwa na digrii 12 hivi, na tunajua leo kwamba yalikuwa yamekwisha kupata joto njiani. Ellis akaandika kwamba yaliwafaa kwa kuoga na kupozea mvinyo wao.

Ikapita karibu nusu karne kabla mtu hajajibu kwa hoja iliyosimama. Mtu huyo alikuwa mwanasayansi Benjamin Thompson, maarufu kwa jina la Count Rumford. Alifikiri hivi: hewa ya nchi za joto haiwezi kupoza maji kiasi hicho, na ardhi haiwezi pia. Basi baridi hiyo haina asili nyingine isipokuwa huko kwenye ncha za dunia, na njia yake ni sakafu ya bahari, chini ya maji ya joto yaliyo juu. Hakuwa na vipimo vya kilindi kama tulivyo navyo leo. Alikuwa na taarifa chache na akili iliyokataa kuridhika nazo. Wanafunzi, hebu tazameni namna hiyo ya kufikiri: aliondoa kimoja kimoja kisichowezekana mpaka akabaki na jibu.

Haya. Twende huko yanakotoka.

Ni nani hapa ana jamaa Limuru, au kule Kinangop? Mnajua jalidi inavyofanya. Usiku wa Julai, anga likiwa halina mawingu, baridi haibaki juu ya kilima. Inateremka. Asubuhi mkulima anakuta majani ya bondeni yamebabuka, na yale ya juu hayana neno. Hewa iliyopoa ni nzito, nayo hutambaa ikitafuta mahali pa chini kabisa. Maji ya bahari ni hivyo hivyo. Yakipoa huwa mazito, yakiwa mazito hushuka, na hayakomi kushuka mpaka yakutane na sakafu au na maji mazito kuliko yenyewe.

Lakini kwa maji kuna kitu cha pili, nacho ni chumvi. Huko Antaktika upepo mkali huporomoka kutoka juu ya bara la barafu na kuipiga bahari ya pwani. Maji ya bahari huganda yakifika karibu digrii 1.9 chini ya sifuri. Barafu changa inajitanda, upepo unaisukuma mbali, maji yanabaki wazi, yanaganda tena, barafu inasukumwa tena. Majira yote ya baridi kazi ni hiyo. Na maji yanapoganda, chumvi nyingi haiingii ndani ya barafu. Inatolewa, inabaki katika maji yaliyo chini. Kwa hiyo maji yale yanapata uzito mara mbili: uzito wa baridi na uzito wa chumvi. Yanajaa kwenye ukingo wa bara, yanamwagikia mtelemkoni, yanazama hadi kwenye vilindi. Hayo ndiyo maji mazito kuliko yote katika bahari kuu za dunia.

Viwanda vyake vinajulikana. Kuna Bahari ya Weddell, kuna Bahari ya Ross, kuna pwani ya Adélie. Kwa muda mrefu wanasayansi walishuku kwamba kuna cha nne, mahali panapoitwa Cape Darnley, lakini meli gani itaingia huko katikati ya majira ya baridi, barafu imefunga kila upande? Watafiti wa Japani walizamisha vyombo vya kupimia na kuviacha. Na msaada mwingine ulitoka kwa wanyama. Sili wakubwa wa huko, wale wanaoitwa sili tembo, walikuwa wamebandikwa vipimo vidogo kichwani. Sili hajui utafiti. Yeye anatafuta chakula. Baadhi yao walipiga mbizi hadi mita 1,800 kwenye mtelemko ule, wakapenya ndani ya maji mapya mazito yaliyokuwa yakiporomoka, na walipoibuka kupumua vipimo vikatuma habari kwa setilaiti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kisa hiki nakipenda kuliko vyote nilivyo navyo leo, kwa sababu kinaonyesha jinsi dunia hii ilivyo bado ngeni kwetu. Mwaka 2013 si zamani. Baadhi yenu mlikuwa mmekwisha kuzaliwa.

Kaskazini nako kuna maji yanayozama, kwenye bahari za Greenland, Norway na Labrador. Kati ya Greenland na Aislandi kuna kizingiti chini ya bahari, na maji baridi yanayokivuka huporomoka karibu mita 3,500. Maporomoko ya Victoria, ambayo Afrika nzima tunajivunia, yana mita 108 hivi. Hayo ya chini ya bahari hayana sauti wala povu, na hakuna mtalii aliyeyaona, lakini yanapitisha zaidi ya mita za ujazo milioni tatu za maji kila sekunde. Mito yote ya dunia ikijumlishwa, Naili, Kongo, Amazoni, Tana yetu na mingineyo, humwaga baharini mita za ujazo milioni moja na kidogo kwa sekunde. Shikeni hesabu hiyo, nitairudia.

Sasa ndugu zangu, nafika mahali ambapo ningependa mkae nami kwa muda mrefu kidogo. Tumekwisha kuona maji yanavyozama. Je, yakishazama yanasambaa tu kila upande? Hayasambai. Sakafu ya bahari ina milima mirefu, safu ndefu kuliko safu yoyote ya nchi kavu, na safu hizo zinaigawa bahari katika mabonde. Maji mazito hayawezi kuruka mlima. Yanaujaza bonde moja, yanatafuta ufa, yanapita ufani, yanaanza kujaza bonde linalofuata. Safari nzima ni ya bonde na mlango, bonde na mlango. Ukitaka kujua bonde fulani lina baridi kiasi gani, usiulize liko karibu kiasi gani na Antaktika. Uliza mlango wake uko wapi.

Ushahidi wa jambo hili ulianza kupatikana mwaka 1868. Wanasayansi Charles Wyville Thomson na William Carpenter walikuwa katika meli iliyoitwa Lightning, kati ya Scotland na visiwa vya Faroe. Walipima maji mahali pamoja wakakuta baridi ya karibu sifuri. Wakasogea, si mbali, wakapima kwenye kina kile kile, wakakuta maji yenye joto la digrii kadhaa zaidi. Bahari moja, kina kimoja, maji mawili tofauti. Inawezekanaje? Jibu lilikuja kuthibitishwa katika miaka ya 1880 walipopima vina vizuri: katikati palikuwa na ukuta wa mlima chini ya maji, na baridi ya kaskazini ilikuwa imezuiwa nyuma yake. Leo mlima huo una jina la Wyville Thomson. Uligunduliwa kwa kipimajoto kabla haujaguswa kwa kamba.

Njooni upande wa magharibi wa bara letu. Nje ya Namibia kuna safu ya Walvis inayotoka pwani ya Afrika hadi kwenye safu kubwa ya katikati ya Atlantiki. Maji mazito ya Antaktika yakija kutoka kusini yanaigonga safu hiyo na kusimama. Mbele yake, mbele ya Angola, kuna bonde kubwa ambalo lingekuwa la pili au la tatu kupata baridi hiyo, kama ukaribu ungekuwa ndio kigezo. Badala yake, maji yale yanalazimika kupanda upande wa Brazili, kuvuka mfereji mwembamba uitwao Vema, kwenda hadi karibu na ikweta, kupenya ufa wa Romanche unaoikata safu ya katikati, ndipo sehemu yake igeuke kurudi kusini kuelekea Angola. Mzunguko wote huo! Na njiani yanachanganyika na maji ya joto zaidi, hivi kwamba yakifika Angola makali yake yamepungua. Wajerumani wa meli ya Meteor, walioivuka Atlantiki ya Kusini mara nyingi kati ya 1925 na 1927, ndio waliotupa picha nzuri ya kwanza ya mambo haya.

Na sisi je? Sisi wa upande wa kusi na kaskazi?

Tazama ramani ya kawaida, ile ya darasani. Ungesema maji ya kusini yatapanda kupitia mlangobahari wa Msumbiji, kati ya bara na Madagaska, moja kwa moja hadi kwetu. Ndiyo njia ya mkato. Mitumbwi na majahazi yameipita kwa karne nyingi. Lakini maji ya chini kabisa hayawezi kuipita, kwa sababu upande wa kaskazini wa mlango huo sakafu inainuka na kuyafungia. Yakiingia bonde la Msumbiji yamefika mwisho wa barabara.

Njia yenyewe ni ndefu. Maji yanatoka kusini, yanaingia bonde la Crozet, yanakutana na safu ya milima ya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Safu hiyo imepasuliwa na nyufa ndefu, na kupitia nyufa hizo maji yanaingia bonde la Madagaska. Kisha yanapanda kaskazini yakiwa yameegemea upande wa mashariki wa kisiwa hicho, yanaingia bonde la Mascarene, na hapo yanakutana na mlango wa mwisho. Uko karibu na visiwa vya Amirante, vilivyo sehemu ya Shelisheli, na kina chake ni zaidi ya mita 4,000. Unaitwa Mlango wa Amirante. Ukishaupita umeingia bonde la Somalia, na bonde la Somalia ndilo lililo mbele ya pwani ya Kenya.

Mlango huo unapitisha maji kiasi gani? Makadirio ya watafiti hayalingani, lakini yanaanzia mita za ujazo milioni moja kwa sekunde na kupanda. Mnakumbuka hesabu niliyowaambia mshike? Mito yote ya dunia: milioni moja na kidogo. Basi kwenye mlango mmoja, kusini-mashariki mwa Lamu, ambao pengine hakuna hata mmoja katika ukumbi huu aliyewahi kulisikia jina lake, maji yanayopita ni karibu sawa na mito yote ya dunia kwa pamoja. Na ndiyo yanayoleta baridi ya Antaktika kwa jirani yetu. Si habari ya kwingine hii. Ni habari yetu.

Nimesema yanaegemea upande wa mashariki wa Madagaska, na mwanafunzi makini atauliza kwa nini. Kwa nini hayatembei katikati ya bonde? Hapa yuko Henry Stommel, mwanasayansi wa taasisi ya bahari ya Woods Hole, Marekani. Katika miaka ya 1950 alifanya hesabu akizingatia kwamba dunia inazunguka, na hesabu ikamwambia jambo la ajabu: maji ya kilindi lazima yabanane katika mkondo mwembamba kwenye ukingo wa magharibi wa kila bonde. Alitabiri kwamba chini ya mkondo mkubwa wa Ghuba, ule unaokwenda kaskazini kando ya Marekani, kuna mwingine wa kilindi unaokwenda kusini. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameupima.

Mwingereza John Swallow ndiye aliyekuwa na chombo. Alichukua mabomba ya alumini ya aina inayotumiwa kujengea jukwaa la mafundi wa ujenzi, akayapima uzito kwa uangalifu mkubwa ili yasizame hadi chini wala yasielee juu, yabaki kwenye kina alichotaka yeye. Akayatia kifaa cha kutoa mlio. Juu, meli inasikiliza milio na kufuata. Mwaka 1957 waliyateremsha mbele ya pwani ya South Carolina, na mabomba yakaenda kusini, chini ya mkondo unaokwenda kaskazini. Hesabu ya mtu aliyekaa ofisini ilikuwa imesema kweli. Swallow huyo huyo alikuja kwetu mwaka 1964, katika ule utafiti mkubwa wa kimataifa wa Bahari ya Hindi, akapima mikondo mbele ya Somalia wakati wa kusi. Mabonde ya Bahari ya Hindi yana kingo zake za magharibi upande wa Afrika. Ndiyo maana mkondo wa baridi umelalia upande wetu.

Mwendo wake ni wa polepole. Mahali pengi ni sentimita chache kwa sekunde, mtoto anayetambaa ataupita. Kwa hiyo umri wa maji haya unahesabiwa kwa karne. Wanasayansi huupima kwa kaboni-14, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730: maji yakishaondoka juu hayapati nyingine kutoka hewani, na kilichobaki kinasema yameondoka lini. Maji makongwe zaidi yako vilindini mwa Pasifiki ya Kaskazini. Yaliagana na hewa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakati miji ya Waswahili kama Shanga, kule kisiwani Pate, ilikuwa na watu, misikiti na biashara zake. Kurudi juu nako ni safari. Sehemu yanapandishwa na mchanganyiko unaosababishwa na maji kujaa na kupwa yakipita juu ya milima ya sakafuni, na sehemu yanavutwa juu na pepo kali zinazoizunguka Antaktika.

Na yanapozama hayashuki mikono mitupu. Yanabeba oksijeni. Kila kiumbe anayepumua kwenye kilindi, awe samaki, kaa au mnyoo wa matopeni, anatumia hewa iliyochukuliwa juu, nyingi yake kwenye maeneo ya ncha za dunia. Mnataka kujua bahari isiyopata maji mapya ya namna hiyo inakuwaje? Nendeni Bahari Nyeusi. Chini ya mita 150 au 200 hivi hakuna oksijeni, na viumbe wanaoihitaji hawawezi kuishi huko.

Sasa naomba niseme jambo moja kwa uwazi, kwa sababu nimelisikia likisemwa vibaya. Mvua za El Niño za 1997, na mafuriko ya 2019, hayakuletwa na maji haya ya chini. Yale ni mambo ya joto la juu ya bahari, yanabadilika kwa miezi. Hata maji baridi yanayoibuka pwani ya Somalia wakati wa kusi, ambayo wavuvi wanayajua, yanatoka mita mia chache tu chini. Mkondo wa kilindi hauleti mvua ya mwezi ujao. Tusiupe kazi isiyo yake. Kazi yake ni ya miaka mingi, na ndiyo maana ikiharibika haitengenezeki haraka.

Inaharibika? Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo gesi zetu zimelizuia duniani. Na tangu miaka ya 1990, meli zinazorudia kupima njia zile zile zimekuta maji ya sakafuni yenye asili ya Antaktika yakipata joto na kupungua. Ongezeko ni la sehemu ndogo sana ya digrii, lakini ni katika maji mengi mno, na maji yakipata joto hutanuka, na yakitanuka bahari hupanda. Huko yanakotengenezwa, barafu ya nchi kavu inayeyuka na kumwaga maji yasiyo na chumvi juu ya bahari. Mnakumbuka uzito mara mbili? Ukiondoa chumvi umeondoa uzito mmoja, na maji hayazami kama zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba tukiendelea kutoa gesi kwa wingi, mzunguko huu wa Antaktika unaweza kupungua kwa zaidi ya asilimia 40 ifikapo 2050. Wanafunzi mlio hapa, mwaka 2050 mtakuwa watu wazima wenye watoto shuleni. Jambo hili linanitia wasiwasi, na sitawaficha.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi tumeyafika mara ngapi haya ya kwetu? Mwaka 1995 meli za utafiti zilipima kwa kina njia inayokata sehemu hii ya Bahari ya Hindi. Kisha uharamia ukaifunga bahari. Meli nyingine, Ronald H. Brown ya Marekani, ilirudi kuipima njia hiyo mwaka 2018. Zaidi ya miaka 20 bila kipimo kamili, katika bonde lililo mbele yetu! Duniani kuna vyombo vya Argo karibu 4,000 vinavyoelea na kuipima bahari vyenyewe, lakini vingi vyao vinashuka hadi mita 2,000 tu. Maji ninayoyasema yako chini ya hapo. Vipo vya aina mpya vinavyofika mita 6,000, navyo bado ni vichache mno.

Mkataba wa nchi za magharibi mwa Bahari ya Hindi wa kulinda bahari na pwani zao ulitiwa saini katika mji huu mwaka 1985, na unaitwa Mkataba wa Nairobi. Shelisheli imo, Madagaska imo, Somalia imo, Kenya imo: zote ni nchi zilizo kando ya barabara ya maji niliyowaeleza. Mombasa kuna taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, na ina meli inayoitwa Mtafiti. Ninachotaka mimi ni nchi hizi zikubaliane kuweka vipimo vya kudumu kwenye Mlango wa Amirante, vikae mwaka baada ya mwaka, na vijana wetu ndio wavizamishe na kuvisoma. Watakaofanya kazi hiyo wanahitaji fizikia, hisabati na kemia, na wanahitaji mwalimu wa jiografia atakayewaambia mapema kwamba kazi hiyo ipo.

Nimewaletea ramani ya sakafu ya Bahari ya Hindi, iko kwenye meza ile karibu na mlango. Tafuteni Crozet, tafuteni nyufa, tafuteni Amirante, mfuate njia kwa kidole. Maswali nayapokea sasa, na naanza na yule kijana aliyesema digrii 10.